Stika ya Dirishani: Nyaraka za Kiwandani za Magari ya Kale ya Marekani na Nakala Zake

Kila gari jipya la abiria linalouzwa Marekani hubandikwa kiooni stika inayotaja aina ya gari, namba yake, mahali lilipounganishwa, wakala aliyepelekewa, bei iliyopendekezwa na kampuni, bei ya kila kifaa cha ziada na gharama ya usafirishaji. Stika hiyo huitwa Monroney, kwa jina la Almer Stillwell Monroney, seneta wa Oklahoma aliyeipigania sheria yake mwaka 1958. Ilikusudiwa kumlinda mnunuzi wa gari jipya. Miongo michache baadaye stika hiyo, pamoja na karatasi nyingine za kazi za kiwandani, ikawa ushahidi wa kuthibitisha asili ya magari ya zamani, na hapo ndipo ilipoanza biashara ya kuzichapa upya.

Chanzo cha sheria kilikuwa vurugu za bei. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, magari yalikuwa machache na wanunuzi wengi, hivyo mawakala walijipangia bei. Katika miaka ya 1950 magari yalijaa sokoni, lakini ujanja haukwisha. Bei ilipandishwa kimyakimya ili mteja apewe punguzo kubwa la uongo, au alipwe fedha nyingi kwa gari lake kuukuu alilolitoa kama sehemu ya malipo. Kulikuwa pia na nauli hewa: gari lililounganishwa California lilitozwa gharama ya usafiri kana kwamba limetoka Michigan. Malalamiko hayo yalifika Seneti, ambako kamati ndogo iliyoongozwa na Monroney iliyasikiliza. Rais Dwight Eisenhower aliitia saini sheria hiyo Julai 1958, na magari ya toleo la 1959 yakawa ya kwanza kuuzwa chini yake. Kampuni iliyoacha kubandika stika ilikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 kwa kila gari. Aliyeiondoa au kuigeuza kabla gari halijamfikia mnunuzi angeweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Sheria haikusema lolote kuhusu stika baada ya gari kukabidhiwa. Wenye magari wengi waliibandua siku ileile wapate kuona barabara, wakaitupa. Wachache waliiweka pamoja na kitabu cha dhamana na risiti.

Stika iliendelea kuongezewa mambo. Sheria ya nishati ya mwaka 1975 iliagiza kila gari jipya lioneshe kiasi cha mafuta linachotumia. Sheria ya mwaka 1992 ilidai itajwe asilimia ya vipuri vilivyotengenezwa Marekani na Canada, kwa magari yaliyoundwa tangu Oktoba 1994. Magari yaliyoundwa tangu Septemba 2007 huonesha pia nyota za majaribio ya usalama. Kwa hiyo stika yenyewe hueleza umri wake hata kabla tarehe haijasomwa.

Stika ilikuwa ya mteja, ila kiwanda kilikuwa na karatasi zake. Iliyo mashuhuri zaidi ni karatasi ya maagizo ya kuundia gari. Oda ya wakala ilipopokelewa, ofisi iliipeleka kwa mashine ya teleksi hadi kwenye vituo vya kuunganishia, na kila kituo kikapata nakala. Karatasi hiyo ilijaa visanduku vyenye namba, na ndani ya visanduku mlikuwa na herufi na tarakimu chache: aina ya injini, giaboksi, ekseli ya nyuma, rangi, kitambaa cha viti, redio. Fundi wa viti alitazama kisanduku chake na fundi wa springi chake. Kazi ikiisha, karatasi haikuwa na matumizi tena. Nyingine zilitupwa, nyingine zikasukumizwa katikati ya springi za kiti cha nyuma, chini ya kapeti au nyuma ya dashibodi. Kwenye Chevrolet Corvette, kuanzia toleo la 1967, nakala moja iligundishwa juu ya tangi la mafuta, na hadi leo mwenye gari hulazimika kulishusha tangi ili aisome. Kwa kuwa hakuna aliyezihifadhi kwa makusudi, karatasi za gari moja wakati mwingine hukutwa ndani ya gari jingine lililopita kwenye mstari uleule wa kazi.

Zilikuwapo pia kumbukumbu za chuma. Magari ya Chrysler yalifungwa chini ya boneti kibati chenye misimbo ya vifaa, na ya Ford yalikuwa na kibati mlangoni. Kati ya mwaka 1965 na 1972, mteja wa Chevrolet alipewa kitabu cha dhamana chenye kibati kidogo kilichoitwa Protect-O-Plate. Gari lilipopelekwa gereji kwa matengenezo ya dhamana, kibati hicho kiligandamizwa juu ya fomu ili namba zake zijichapishe zenyewe.

Thamani ya vitu hivi ilionekana pale magari ya V8 yenye nguvu ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 yalipoanza kugombewa minadani. Mwaka 2014 gari moja la Plymouth Hemi 'Cuda la wazi la mwaka 1971 liliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Tofauti kati ya gari la kawaida na ndugu yake wa bei mbaya mara nyingi ni injini na vifaa vichache tu, na si kila kampuni iliandika tofauti hiyo kwenye namba ya gari. Ford na Chrysler ziliweka humo alama ya injini. Chevrolet haikuweka hadi toleo la 1972.

Mfano ni Chevrolet Camaro ya mwaka 1969 ambayo namba yake inaanza na 124379N. Tarakimu 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Tarakimu sita zinazofuata ni za mfuatano. Hakuna popote panapoonesha kama gari hilo ni Z/28, iliyokuwa na injini maalumu ya inchi za ujazo 302, au ni Camaro ya V8 ya kawaida. Jibu limo kwenye karatasi ya maagizo, kwenye stika, kwenye ankara ya wakala au kwenye Protect-O-Plate, ambako injini hiyo hutambulishwa kwa herufi DZ. Namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe husaidia, lakini injini hubadilishwa, na namba zake husagwa na kugongwa upya.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika suala la daftari kampuni hazikulingana. Ankara za Pontiac za tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilihifadhiwa kwenye filamu ndogo, na taasisi ya Pontiac Historic Services huzitolea nakala. Data za Ford za kuanzia toleo la 1967 zinashikiliwa kwa leseni na Marti Auto Works ya Arizona, ambayo hutoa ripoti ya gari mojamoja. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani katika miaka hiyo hakuna hazina kama hiyo, ilhali zilizouzwa Canada kumbukumbu zake zilitunzwa. Uingereza nayo ina jumba la makumbusho la Gaydon, ambalo hutoa cheti kwa magari mengi ya kampuni za Kiingereza kutokana na vitabu vya kiwandani.

Uchapaji wa nakala ulizaliwa kutokana na pengo hilo. Mchapaji huanza na stika halisi ya mwaka na kampuni husika, akaipiga picha, akaichora upya fomu tupu: mistari, nembo, maandishi madogo ya kisheria. Fomu huchapwa kwanza, kisha taarifa za gari zikachapwa juu yake peke yake, kama ilivyofanyika kiwandani, ambako mashine ilijaza fomu zilizokwisha kuchapwa. Nakala nzuri hufuata umbo la herufi za mashine hiyo, na hata herufi zilizokaa kando kidogo ya kisanduku chake. Bei hutafutwa kwenye orodha za kampuni za mwaka ule, na gharama ya usafiri hutegemea umbali kati ya kiwanda na wakala. Nakala hizo hutundikwa dirishani kwenye maonesho, na wengi huzinunua kwa kusudi hilo tu.

Kazi hiyohiyo ikifanywa kwa nia mbaya huwa ughushi. Karatasi ya maagizo huchapwa ikitaja injini ambayo gari halikuwahi kuwa nayo, hulowekwa kwenye chai, hukunjwa, hupakwa mafuta, kisha "hukutwa" chini ya kiti. Wakaguzi huanza na makosa ya wakati. Stika ya mwaka 1960 haiwezi kuwa na namba ya posta ya tarakimu tano katika anwani ya wakala, kwa kuwa mfumo huo ulianza Julai 1963. Namba ya gari ya herufi na tarakimu 17 ilianza na magari ya toleo la 1981. Baada ya hapo hutazamwa karatasi na wino. Nukta za printa ya kisasa huonekana chini ya lenzi, na karatasi nyingi za siku hizi hung'aa samawati chini ya taa ya urujuanimno. Mwisho maandishi hulinganishwa na gari lenyewe: tarehe zilizo kwenye bloku ya injini, giaboksi na ekseli zinapaswa kutangulia tarehe ya gari kukamilika. Vyama vya wapenzi wa magari, kama kile cha Corvette kilichoanzishwa mwaka 1974, vimewazoeza waamuzi wao ukaguzi wa aina hii.

Mbele ya sheria, karatasi na namba ya gari havilingani. Kuondoa au kugeuza namba ya utambulisho wa gari kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1984. Kuchapa upya stika ya gari la zamani si kosa kwa peke yake. Kosa huja pale nakala inapouzwa kama karatasi halisi. Kwa sababu hiyo mchapaji mwaminifu huandika pembeni kwamba kazi yake ni nakala, na hutaja taarifa zake zimetoka wapi. Nakala iliyotokana na rekodi ya kiwanda ina thamani ya rekodi hiyo. Isiyo na rekodi nyuma yake ni pambo la dirishani, na mnunuzi hana sababu ya kuilipia zaidi ya hapo.