SEHEMU YA 4: Mstari kwenye kiganja cha mtoto si hukumu

Leo ni ndefu kidogo. Ukishamnyonyesha mtoto akalala, kaa nami.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa wodi ya wazazi. Mama mmoja alijifungua salama, mtoto mzima, kilo tatu na ushee. Mama yule ana baipola, ule ugonjwa ambao hisia zinapanda juu kupita kiasi kwa kipindi, kisha zinashuka chini kabisa kwa kipindi kingine. Alikuwa anatumia dawa na ametulia. Basi mama mkwe akakunjua kiganja cha mjukuu, akaona mstari mmoja tu umekatiza kiganja kizima, badala ya miwili tuliyoizoea. Akasema, "Huyu kachukua za mama yake."

Yule mama akaniangalia. Nikamwambia, "Usijali." Nikaendelea na kazi.

Baada ya wiki moja alirudi. Ameacha dawa. Hajalala usiku wa nne, anaongea haraka haraka, anarudia neno moja: "Nesi, nimemharibu mwanangu tumboni." Alitibiwa, akapona. Lakini mimi ile "usijali" yangu bado inanisumbua, maana haikuwa jibu. Jibu lenyewe lina historia ndefu, na ndiyo naileta leo.

Tuanzie Paris. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, daktari Jean-Pierre Falret aliuelezea ugonjwa huu akauita wazimu wa mzunguko, kwa sababu mgonjwa huzunguka kati ya msisimko na huzuni. Mwaka 1899, Mjerumani Emil Kraepelin akautenganisha na ule ambao leo tunauita skizofrenia. Hadi hapo ni kazi nzuri: huwezi kutibu kitu usichokitofautisha na kingine.

Tatizo lilikuwa swali la pili: unatoka wapi? Mwaka 1857, daktari mwingine wa Ufaransa, Bénédict Morel, alitoa kitabu akidai kuna koo zinazoharibika kizazi hadi kizazi, na kwamba uharibifu huo unaacha alama mwilini: umbo la sikio, umbo la kichwa. Mwaka 1876, Mwitaliano Cesare Lombroso akaenda mbali zaidi, akadai hata mhalifu anajulikana kwa sura yake. Sikio likawa ushahidi. Ona walivyoruka: kutoka "alama hii ipo" hadi "mtu huyu na ukoo wake ni wabovu". Ndiyo ile ile ya mama mkwe wetu, ila yeye hakuwa na kitabu.

Na mawazo yana miguu, jamani. Julai 1933, serikali ya Hitler ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu wenye magonjwa waliyodai ni ya kurithi. Katika orodha ile, wazimu wa mzunguko ulitajwa kwa jina. Watu wapatao 400,000 walifungwa kizazi. Kina mama kama yule wa wodini kwangu walinyimwa haki ya kuzaa kabisa, kisa ugonjwa ambao hawakuuchagua.

Usidhani haya yaliishia Ulaya. Nairobi, mwaka 1934, daktari F. W. Vint alichapisha vipimo vya ubongo wa Waafrika wa Kenya, akidai tabaka la juu la ubongo wetu ni jembamba kuliko la Wazungu. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari kwa miaka mingi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba ugonjwa wa huzuni kwetu ni nadra. Sasa nikuulize: daktari akishaamini huwezi kuugua huzuni, mama anayelia usiku kucha baada ya kujifungua nani atamwona?

Baada ya yote hayo ungedhani wataalamu wangeacha kabisa kuangalia masikio na viganja. Hawakuacha, ila walibadilisha swali. Mwaka 1968, Marekani, Mary Waldrop na wenzake waliwachunguza watoto wadogo wa shule ya awali wakitumia orodha ya alama 18 ndogo ndogo: nywele zenye vizunguko viwili utosini, masikio yaliyokaa chini, kaakaa lililoinuka sana, ulimi wenye mifereji, kidole cha mwisho kilichopinda, mstari mmoja kiganjani, nafasi kubwa kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili. Vitu visivyouma wala kuhitaji tiba. Hawakuuliza tena "ukoo huu ni mbovu?" Waliuliza, "Je, alama hizi zinaendana na namna mtoto anavyotulia au kuhangaika?"

Kwa nini kiganja kihusiane na ubongo? Hapa ndipo utamu ulipo. Mimba ikiwa changa kabisa, kiinitete kina matabaka matatu. Tabaka la nje ndilo linalotoa ngozi, na ndilo hilo hilo linalotoa ubongo. Mistari ya kiganja na kaakaa hutengenezwa katika miezi ya mwanzo ya mimba, wakati ubongo nao unajengwa. Kwa hiyo alama ndogo ya mwilini ni kama tarehe iliyogongwa kwenye risiti. Inakuonyesha kwamba wakati fulani, mapema sana, ujenzi ulienda tofauti kidogo. Haikuambii nini kilisababisha, na haikuambii mtoto atakuwa nani.

Miaka ya 1980 wazo kwamba skizofrenia ina mizizi tangu ubongo unapojengwa lilipata nguvu, na watafiti wakaanza kuhesabu alama hizi kwa wagonjwa. Baadaye wakaigeukia baipola. Kule Pécs, Hungaria, katika miaka ya 2010, watafiti walitumia orodha ya alama 57 iliyotokana na kazi ya daktari wa watoto Károly Méhes. Walilinganisha wagonjwa 30 wa baipola ya aina ya kwanza, 30 wa aina ya pili na watu 30 wasio na ugonjwa. Tofauti zilionekana, hasa masikioni na mdomoni: ulimi wenye mifereji, kaakaa lililoinuka.

Sasa tusirudie kosa la Morel. Hao ni watu 90 kwa jumla, na kinacholinganishwa ni kundi na kundi. Wapo wenye alama ambao hawajaugua maishani, na wapo wagonjwa wasio na alama yoyote. Mstari mmoja kiganjani peke yake unaonekana kwa takriban mtu 1 kati ya 30. Hesabu abiria wa daladala moja, huenda yumo. Kweli mstari huo huonekana pia kwa watoto wengi wenye Down, lakini hapo daktari huangalia dalili nyingi kwa pamoja, kama ulegevu wa misuli na umbo la macho. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke akaangaliwe. Usimpime mwenyewe sebuleni.

Basi jibu ambalo ningempa yule mama ni hili: "Mama, mstari huu ulijichora ukiwa na mimba changa. Hukuuchora wewe, na hakuna mtu duniani anayeweza kusoma humo kama mwanao ataugua. Baipola inaweza kutembea katika familia, ni kweli, lakini watoto wengi wa wazazi wenye baipola hawaupati. Anachokihitaji mwanao leo ni wewe uwe mzima. Kunywa dawa yako."

Na wewe unayesoma, kama una baipola na unapanga mimba, mwone daktari mapema. Zipo dawa, kama valproate, zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni, na zipo mbadala. Usiache yoyote kimyakimya. Anza foliki asidi kabla ya kubeba mimba. Ukishajifungua, wiki za mwanzo ndizo hatari zaidi kwa ugonjwa kurudi. Mama akikaa macho usiku mzima na bado hasikii kuchoka, akaongea bila kituo, au akisema amemharibu mtoto, hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wakwe, nanyi nawaheshimu sana. Mkunjue mjukuu kiganja, mkibusu, halafu mbebeni ili mama yake apate kulala. Usingizi kwake ni sehemu ya tiba.

Sehemu ya 5 tutaongelea usingizi wa mzazi, na nani ndani ya nyumba anapaswa kuulinda. Maswali yaandike hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.