Ukishika Bisibisi, Kihisi Ni Wewe

Wasee, zile laptopu za ex-UK tunazonunua tao, ThinkPad za zamani na HP EliteBook za kampuni zilizobadilisha vifaa, nyingi zina siri ambayo muuzaji hakuambii kwa sababu pengine hata yeye haijui. Ndani ya madabodi kuna kihisi kidogo kinachogundua kwamba laptopu imeanza kuanguka, na kinaiambia diski ijikinge kabla haijagonga sakafu.

Hiyo ni noma. Lakini kuna watu wanadhani laptopu yenye ulinzi huo unaweza kuifungua vile unataka, diski haitaumia. Hapo ndipo data ya watu inapotelea. Ili uelewe kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya diski ngumu ni historia ya jukumu kuhama. Mwanzoni ulinzi ulikuwa kazi ya mwenye mashine. Polepole mashine ikachukua hiyo kazi. Na siku unashika bisibisi, kazi inarudi kwako yote.

Tuanze 1956. IBM walitoa mashine inaitwa RAMAC huko California. Diski yake ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na kitu chote kilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Uwezo wake? Herufi milioni 5. Picha moja ya simu yako leo inaweza kushinda hiyo. Diski ya tani moja haianguki kutoka mezani, kwa hivyo hakuna aliyewaza habari ya kuanguka.

Hatari yenyewe ilikuwepo tangu hapo, na ni vizuri kuielewa. Ndani ya diski ngumu kuna sahani inayozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika data. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa. Kwenye diski za kisasa ile nafasi katikati ni nanomita chache tu, na unywele wako una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa fikiria sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, halafu laptopu inagonga meza. Kichwa kinashuka, kinakwaruza sahani, na pale kilipokwaruza data imeenda. Vumbi la mkwaruzo linazunguka humo ndani na kuharibu kwingine. Ndiyo maana diski iliyoumia mara nyingi huanza na sauti ndogo ya "tik, tik", halafu siku moja inakataa kabisa.

1973 IBM tena walitoa diski aina ya 3340, iliyopewa jina la utani Winchester. Humo vichwa na sahani vilifungiwa pamoja, na vichwa viliruhusiwa kutua juu ya sahani yenyewe mashine ikizimwa. Wazo hilo ndilo lililozaa diski za kompyuta za mezani. 1980 Seagate wakatoa ST-506, diski ya megabaiti 5 iliyotoshea ndani ya kompyuta ya kawaida.

Hapo ndipo shida ya kubebwa ilianza. Mtu akihamisha kompyuta yake ofisi hadi ofisi, vichwa vilikuwa vimekaa popote juu ya sahani, pamoja na pale penye data. Suluhisho la wakati huo litakuchekesha: kabla ya kuzima na kuhamisha kompyuta, ulikuwa unaendesha programu ndogo, nyingi zikiitwa PARK, inayopeleka vichwa sehemu ya sahani isiyo na data. Ukisahau, ni shauri yako. Mwenye mashine ndiye alikuwa kihisi.

Baadaye diski zikajifunza kujipaki zenyewe. Umeme ukikatika, sahani bado inazunguka kidogo, na diski inatumia nguvu ya mzunguko huo kurudisha vichwa mahali salama. Nadhani huu ni mmoja kati ya uvumbuzi bora ambao hakuna anayeushangilia. Stima ikipotea ghafla, diski yako inatumia pumzi yake ya mwisho kujiokoa. Kisha miaka ya 1990, IBM wakaleta kwenye diski za laptopu njia ya kutoa vichwa kabisa juu ya sahani na kuviegesha kwenye kingio kidogo cha plastiki pembeni. Diski ikizimwa, kichwa na sahani haviko pamoja tena.

Matokeo yake yanaonekana kwenye karatasi za maelezo za diski za laptopu za miaka ya 2000. Diski ikiwa inafanya kazi, nyingi ziliandikwa kwamba zinavumilia mshtuko wa takriban G 300 hadi 400. Ikiwa imezimwa, takriban G 900 hadi 1,000. G moja ni mvuto wa kawaida wa dunia. Usidhani 300 ni nyingi: kitu kigumu kikigonga sakafu ngumu, hata kutoka chini ya goti, kinaweza kufika huko kwa sababu kinasimama ghafla sana. Cha kukumbuka ni kwamba diski iliyolala inavumilia zaidi ya mara mbili ya ile inayozunguka.

Basi swali likawa: tunawezaje kuilaza diski kabla haijagonga? Jibu lilitoka kwenye magari. Vihisi vidogo vya silikoni vilikuwa tayari vinatumika kuamua lini mfuko wa hewa ufunguke gari likigonga. Oktoba 2003 IBM wakaweka wazo hilohilo kwenye ThinkPad T41 na R50 na kuliita Active Protection System. Kihisi kiko kwenye madabodi. Programu ndani ya Windows inasoma mwendo wake muda wote, na ikiona laptopu inainama vibaya au inateleza, inaiambia diski iegeshe vichwa. Ilikuwa hata na picha ya laptopu kwenye skrini inayoinama vile unavyoinamisha yako. Na ungeweza kuiambia ipuuze mitikisiko midogo inayojirudia, kama ya gari moshi, isije ikasimamisha diski kila dakika.

Muda ni mdogo sana hapa. Kutoka meza ya sentimita 75, kitu kinafika chini kwa karibu sekunde 0.39. Kupepesa jicho mara moja au mbili hivi. Ndiyo maana ilisaidia mfumo ulipogundua ile hali ya kuteleza kabla ya kuanguka kwenyewe.

Apple wakafuata mapema 2005 na Sudden Motion Sensor kwenye PowerBook. HP nao wakawa na wao, baadaye ukiitwa 3D DriveGuard, ambapo taa ya diski inageuka rangi ya chungwa vichwa vikiegeshwa. Baadhi ya diski zenyewe zilikuja na kihisi chao ndani.

Halafu watu wakafanya kile watu hufanya. 2006 kulikuwa na programu ya Mac iliyogeuza laptopu kuwa upanga wa Star Wars: unaipunga hewani, inalia. Yaani kihisi cha kulinda diski kikawapa watu sababu ya kurusha laptopu huku na huku. Lakini pia 2008 wanasayansi wa Marekani walianzisha Quake-Catcher Network, wakaomba watu wa kawaida waruhusu vihisi vya laptopu zao kusaidia kunasa mitetemo ya ardhi. Kifaa cha kulinda diski kikageuka kituo cha kupima matetemeko. Mimi hiyo huniambia kitu: mashine ukiielewa, inakuwa yako kwa njia ambayo aliyeiunda hakuipanga.

Sasa turudi kwa bisibisi. Angalia tena huo mnyororo: kihisi kiko kwenye madabodi, kinahitaji umeme, na kwenye mifumo ya IBM, Apple na HP kinahitaji programu inayokisikiliza. Ukizima laptopu, kihisi kimelala. Ukitoa diski, haina tena uhusiano na hicho kihisi. Na kama laptopu yako iliwekwa Windows mpya kabla ya kuuzwa, kuna uwezekano ulinzi haufanyi kazi hata ikiwa imewaka, kwa sababu hakuna aliyerudisha programu yake. Kwa HP kuna dalili rahisi: ingia Device Manager, ukiona kifaa kisichojulikana chenye kitambulisho kinachoanza na ACPI\HPQ, mara nyingi ndicho hicho kihisi kinangoja programu.

Kwa hivyo, ukitaka kuifungua bila kulia, fanya hivi.

Kwanza weka nakala ya data yako mahali pengine. Hii si hatua ya mwisho, ni ya kwanza. Pili, izime kabisa. Kufunga kifuniko hakutoshi. Laptopu iliyolala bado ina umeme kwenye madabodi. Na tangu Windows 8, hata kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka, na ukipeleka diski hiyo kwa kompyuta nyingine inaweza kukusumbua. Shikilia Shift ukibonyeza kuzima. Kisha iache imetulia kama nusu dakika sahani isimame. Usiigeuze juu chini wakati bado inazunguka.

Tatu, toa chaja, toa betri, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. ThinkPad zenye betri ya ndani zina chaguo kwenye BIOS la kuzima betri hiyo kabla hujafungua, litumie. Nne, weka kitambaa au kitu laini kwenye meza iliyo imara, na uguse chuma kitupu kabla ya kugusa chochote ndani, kwa sababu umeme tuli wa mwili wako hauonekani lakini unaua vipuri.

Tano, skrubu. Hazilingani urefu. Skrubu ndefu ukiiingiza kwenye shimo la fupi inaweza kutoboa hadi madabodi. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uweke kila skrubu pale ilipotoka.

Sita, diski yenyewe. Ivute moja kwa moja kwenye mstari wa kiunganishi chake, usiikunje kwenda juu. Ishike kando, usibonyeze kifuniko cha juu. Usizibe kile kitundu kidogo cha hewa kwa stika. Usiifungue kamwe, hata kwa kuchungulia. Na usiiweke mezani kwa kishindo, ilaze. Pia zile raba na fremu zilizoishika ndani zirudishe zote. Hizo raba ni ulinzi pia, na huo haukuhitaji programu wala umeme. Ukikuta laptopu ambayo diski inacheza ndani kama njugu kwenye kopo, jua kuna mtu aliifungua na raba zikaachwa kwa droo.

Mtu atasema: bro, siku hizi ni SSD, hayo yote yameisha. Ni kweli nusu. SSD haina sahani wala kichwa kinachoelea, na ndiyo maana Apple hawana haja ya kihisi hicho kwenye Mac zenye SSD. Ukiweka SSD kwenye laptopu yako ya zamani, umemaliza hofu ya kuanguka kwa diski. Ni ushauri mzuri, fanya.

Lakini angalia tulichopoteza njiani. Kwenye ThinkPad T41 ya 2003, diski ilitoka kwa skrubu moja. Moja. Na kitabu cha kufundisha jinsi ya kuifungua kipande kwa kipande kilitolewa wazi kwa mtu yeyote. Laptopu ikifa, unatoa diski, unaenda nayo, data yako inaishi. Ile MacBook ya inchi 12 ya 2015 ilikuwa na hifadhi iliyochomelewa kwenye madabodi. Haiogopi kuanguka. Ila madabodi ikiungua, data yako imekaa mahali ambapo bisibisi haifiki.

Kwa maoni yangu, wale mainjinia wa 2003 walituheshimu zaidi. Walikubali kwamba mtu atainuka haraka, atanasa waya, ataangusha, na wakamwekea kinga. Pia walikubali kwamba siku moja atataka kuifungua, na wakamwachia mlango. Leo tunapewa kinga bila mlango, na tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Kwa hivyo ukienda kununua laptopu, usiulize RAM na bei tu. Uliza: hii nikitaka kutoa data yangu mwenyewe, inatoka kwa skrubu ngapi? Jibu likiwa "haitoki", angalau ujue unanunua nini, na nakala iwe tabia yako kama kufunga mlango usiku.

Yako iko aje? Ishawahi kufunguliwa, na raba zilirudi?