Kamani za Land Rover ya Kale

Land Rover, iliyodhihirishwa kwa umma mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, ilibebwa na kamani za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mithili ya zile za magari ya farasi, nazo zilikuwa ngumu, kwa kuwa shehena ya shambani ilitangulizwa mbele ya raha ya abiria. Kutu nyekundu ikishajaa baina ya vyuma, msuguano huzidi hata kamani ikakaza kama gogo, na dereva asiye na mzigo akarushwa kitini kwa kila shimo. Ndipo baadhi ya wenye magari hayo wakahiari kamani laini, zenye vyuma vichache, vinene katikati na vyembamba nchani, visivyosuguana katika urefu wake. Nami naiona hiari hiyo kuwa ya busara, maadamu gari halipakiwi kupita kadiri.