Tanuri la Kemondo na Upau wa Asilimia

Kijana anayetengeneza video ya wimbo katika chumba kidogo cha kazi pale Buhembe, Manispaa ya Bukoba, akishapanga picha na kusahihisha rangi, hubonyeza kitufe na kusubiri. Kompyuta inaanza kuunganisha picha, sauti na maandishi kuwa faili moja, kazi ambayo wenyewe huiita kurenda. Upau mwembamba unatokea kwenye skrini, ukijaa rangi taratibu, na pembeni yake kuna asilimia. Unafika 12, unaruka hadi 40, kisha unaganda kwenye 87. Msanii anapiga simu: kazi imefika wapi? Mhariri anautazama upau na hana jibu analoweza kuliapia.

Swali hilo ni kongwe kuliko kompyuta. Katika nchi ya Wahaya liliulizwa mbele ya tanuri la chuma kwa karne nyingi, na njia ya historia yake bado inafuatika, kwa kuwa inaanza karibu na mji wenyewe. Niliifuata nikiamini kwamba watu waliowahi kutengeneza kitu wasichoweza kukiona kikitengenezwa wana la kutufundisha sisi tunaokodolea macho upau.

Kutoka Buhembe nilishika barabara ya kusini iendayo Muleba, hadi Kemondo, kilomita zipatazo 20 kutoka Bukoba mjini. Barabara hupita kwenye vibanja vya migomba na mibuni, kisha hufunguka kwenye rweya, yale maeneo ya majani ambayo hayalimiki kwa urahisi. Leo Kemondo inajulikana kwa bandari yake katika Ziwa Viktoria. Lakini katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake walichimba hapa na kukuta mashimo ya matanuri, vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo, mavi ya chuma, na vyungu vya mtindo wa kale uitwao Urewe. Matanuri hayo ni ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Miti iliyochomwa makaa kwa ajili yake ilikuwa mingi kiasi kwamba uchunguzi wa chavua za kale unaonyesha misitu ikipungua na majani yakichukua nafasi yake.

Ukiiacha Kemondo na kupanda kuelekea Maruku, unafika Katuruka. Hapa ndipo simulizi zinapoweka ikulu ya Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara wa karne ya 17. Wazee walisimulia kwamba mfalme huyo aliwaagiza wahunzi wake wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, na mnara ukaanguka. Schmidt aliyachukua masimulizi hayo kwa uzito. Mwaka 1969 na 1970 alichimba pale wazee walipomwelekeza, kando ya mti mtakatifu wa Kaiija, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani kuliko Rugomora Mahe mwenyewe. Baadhi ya vipimo vya kaboni viliirudisha nyuma kazi hiyo hadi karibu miaka 500 kabla ya Kristo, na wataalamu wengine wamevitilia shaka vipimo hivyo hadi leo. Lisilo na ubishi ni kwamba kumbukumbu ya watu ililielekeza jembe la mchimbaji mahali penye chuma kweli.

Ili kuelewa kwa nini mhunzi wa Kihaya alilijua vizuri swali la mhariri wa Buhembe, inafaa kulijua tanuri lenyewe. Kwanza lilichimbwa shimo, likakandikwa udongo wa kichuguu, likajazwa majani ya bwawani yaliyochomwa hadi yakawa makaa mepesi. Juu ya shimo ulijengwa ukuta uliopanda ukijifinya kuelekea juu, na katika ujenzi huo mavi ya chuma ya kazi zilizotangulia yalitumika tena pamoja na udongo. Mirija ya udongo iliingizwa kuzunguka kitako, na nyuma ya kila mrija uliwekwa mvukuto wa ngozi. Makaa na mawe yenye madini ya chuma, yaliyokwisha kuokwa, yalimiminwa kwa zamu kutoka juu. Baada ya hapo wavukuta walivukuta na kuimba saa baada ya saa.

Ndani ya tanuri hakuna aliyeweza kuingiza mkono wala jicho. Chuma kilijikusanya kidogo kidogo chini, juu ya kitanda cha majani yaliyoungua, huku uchafu ukiyeyuka na kuteremka. Njia ya uhakika ya kujua kilichozaliwa ilikuwa kulibomoa tanuri, na kulibomoa mapema ni kuipoteza kazi nzima. Mtu anayefanya kazi ya namna hii anahitaji dalili, na wayeyushaji wa chuma wa kale, hapa na kwingineko, walizitegemea: rangi ya mwali unaotoka juu, mwanga unaoonekana ukichungulia kwenye mrija, mlio wa upepo unapopita huru au unapokwamishwa na mavi ya chuma yaliyoziba, kasi ya makaa kushuka. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyomwambia fundi imebaki sehemu gani katika mia. Zote zilimwambia tanuri liko katika hali gani sasa hivi, na kwa hiyo afanye nini: aongeze makaa, azibue mrija, awahimize wavukuta, au asubiri.

Njia ya historia niliyoifuata inakatika mwanzoni mwa karne ya 20. Wajerumani waliweka kituo chao Bukoba mwaka 1890. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901, na meli zikaiunganisha Bukoba na bidhaa za ng'ambo. Chuma kilichokwisha kuyeyushwa viwandani kikapatikana kwa bei iliyofanya wiki za kuchoma makaa na kuchimba mawe zionekane hasara. Wahunzi waliendelea kufua, lakini kwa chuma cha kununua. Matanuri yakazimwa.

Mwaka 1976, katika kijiji cha Nyungwe, wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walikubali kujenga tanuri tena mbele ya Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa metali. Ilikuwa imepita kiasi cha nusu karne. Walikumbuka nyimbo, miiko, mpangilio wa mirija na aina ya udongo. Hata hivyo kazi haikunyooka mara moja. Iliwabidi wajaribu, watazame matokeo, wabadilishe, wajaribu tena katika uyeyushaji uliofuata. Mbinu ya ujenzi iliweza kukaa kichwani miaka 50 bila kazi. Kipimo cha macho na masikio, kile cha kujua sasa imefika, kilihitaji moto wenyewe ili kirudi.

Kiliporudi, kilirudi kwa nguvu. Vipimo vya Avery vilionyesha joto lililozidi nyuzi 1800 za Selsiasi ndani ya tanuri. Mwaka 1978 yeye na Schmidt walichapisha matokeo hayo katika jarida la Science, wakidai kwamba mirija iliyoingia ndani sana iliupasha upepo moto kabla haujakutana na makaa. Dai hilo la upepo kupashwa moto limepingwa na wataalamu kadhaa, na ubishi wake ni wa haki. Ila hakuna aliyekana kwamba wazee walitoa chuma, na kwamba waliliongoza tanuri bila kipimajoto chochote cha kwao.

Sasa njia inavuka bahari, hadi kwenye asili ya upau. Mwaka 1896 mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alibuni mchoro wa kuonyesha kazi za kiwandani zinavyopangana katika muda. Mwaka 1979 Mitchell Model, katika tasnifu yake ya udaktari, alichora upau wa maendeleo kwenye skrini ya kompyuta. Mwaka 1985 Brad Myers, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliwapa wanafunzi wenzake 48 kazi ya kutafuta taarifa kwenye kompyuta, mara kukiwa na upau na mara bila upau. Asilimia 86 waliupenda upau. Upau ulipunguza wasiwasi. Mtu aliyejua kwamba mashine inafanya kazi aliweza kunywa chai yake kwa utulivu, au kushika kazi nyingine.

Faida hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini ugumu ulikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1936 Alan Turing alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuipima programu yoyote ile na kusema mapema kama itafika mwisho. Kusema itafika lini ni kugumu zaidi. Kwa hiyo upau hukisia, na makisio yanakuwa mazuri pale tu ambapo kila hatua ya kazi inafanana na iliyotangulia. Kunakili faili ni kazi ya namna hiyo. Kuumba si kazi ya namna hiyo.

Chukua video ya wimbo wa dakika 3 wenye fremu 25 kwa sekunde. Hizo ni fremu 4500. Programu ikihesabu fremu, ya 2250 ni asilimia 50. Lakini nusu ya kwanza inaweza kuwa mwimbaji amesimama mbele ya ukuta mweupe, na nusu ya pili wacheza ngoma ziwani, maji yakimetameta, picha tatu zimelaliana, na moshi umeongezwa na kompyuta. Fremu moja ya huko inaweza kula muda wa fremu nyingi za ukutani. Programu nyingine huipitia video mara mbili, kwanza kuichunguza, kisha kuibana, na mtumiaji huuona upau ukijaa halafu ukianza upya kama aliyedanganywa. Katika sanaa ndiko sehemu ngumu zinakojificha, kwa kuwa ndiko msanii alikoweka juhudi yake yote.

Badala ya kuukubali ugumu huo, baadhi ya wabunifu wameamua kuushughulikia upande wa mtazamaji. Mwaka 2007 Chris Harrison na wenzake walionyesha kwamba watu huona muda ni mfupi zaidi upau unapoongeza kasi kuelekea mwisho, hata kama muda wenyewe ni uleule. Ugunduzi huo ni wa manufaa kwa anayesubiri barua ifunguke. Kwa fundi naona una hatari. Fundi hahitaji kubembelezwa. Anataka kujua kama asimamishe kazi sasa kwa sababu rangi ya ngozi ya mwimbaji imeharibika, au aache iendelee hadi usiku.

Hapo ndipo tanuri la Kemondo linapokuwa na somo. Programu za kutengeneza picha za vipimo vitatu, kama Blender, zina njia inayokaribia ile ya mhunzi. Picha inaonekana tangu mwanzo, imejaa chenga, na kila sampuli, yaani duru ya hesabu, inayoongezwa inaitakasa. Msanii anaitazama kazi yenyewe ikiiva. Akiona kivuli kimekaa vibaya, anasimamisha baada ya dakika moja badala ya kungoja saa nne. Idadi ya sampuli iliyoandikwa pembeni ni hesabu ya kweli, nayo haijifanyi kujua uzuri utafika lini. Programu ya video nayo inaweza kuonyesha fremu inayoshughulikiwa sasa, kutaja hatua kwa jina, na kukiri inapokutana na sehemu nzito kwamba makisio ya muda yamebadilika. Huo ni ukweli ambao mtu mzima anaweza kuuhimili.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu njia niliyoifuata inaonyesha kinachopotea. Bidhaa iliyokamilika iliposhushwa melini, watu wa Buhaya walipata chuma, na hilo lilikuwa jema kwa mkulima. Walichopoteza ni mazoea ya kukaa karibu na kazi hadi mtu aisome. Kijana wa Buhembe yuko katika mwanzo wa ufundi wake. Upau unaompa namba tupu unamfundisha kungoja. Kielelezo kinachomfungulia kazi ikiwa njiani kinamfundisha kuhukumu, na bila hukumu hiyo hakuna fundi, awe mbele ya moto au mbele ya skrini. Watengenezaji wa programu, wakiwemo vijana wetu wanaosomea kazi hiyo Dar es Salaam na kwingineko, wahesabu kinachohesabika, waonyeshe kinachoonekana, na wasiwekee asilimia jambo ambalo hakuna anayelijua.