UZI: Muziki shuleni Lamu, tunabishania nini hasa?

1/ Msimu wa kura ukikaribia, hoja hii hurudi. Mmoja anasema: "Watoto wa Lamu wafundishwe muziki shuleni." Mwingine anajibu: "Muziki ni haramu, msituletee." Baada ya hapo ni matusi na kublokiana. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Unaeleza tu hoja hii imetoka wapi, ili ukimsikia mtu jukwaani ujue cha kumuuliza.

2/ Kwanza, Lamu haikungoja shule ya serikali ndiyo ijue muziki. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba zilipulizwa kwenye sherehe za wakubwa kabla Mwingereza hajafika. Arusini wanawake wana vugo, wanagonga pembe na kuimba. Wanaume wana kirumbizi, fimbo mkononi, nzumari ikilia. Elimu hiyo ilipita kwa mzee hadi kijana, kwa mama hadi binti.

3/ Pili, ubishi wa dini na ngoma haukuletwa na Nairobi. Mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alianza kusomesha Langoni, na hakuwafungia mlango wageni wala watu waliotoka utumwani. Maulidi ya Al-Habshi aliyoyaeneza yalisomwa kwa matari. Baadhi ya wakubwa wa mji walipinga matari kuingia msikitini.

4/ Waliopinga walikuwa Waislamu wa Lamu, na waliounga mkono walikuwa Waislamu wa Lamu. Leo Maulidi ya Riyadha ndiyo fahari ya mji, na watu huja kutoka pwani nzima. Kwa hiyo anayesema "Lamu haitaki" na anayesema "Lamu inataka" wote wanasahau kwamba mji umekuwa ukilijadili jambo hili zaidi ya miaka 100.

5/ Halafu ikaja beni. Watu wa pwani waliziona bendi za misheni na za jeshi, wakazigeuza ngoma yao, na Lamu nayo ikawa na vikundi vyake vya kushindana. Vijana walijifunza tarumbeta na ngoma kubwa bila kukaa darasani. Muziki wa kigeni haukuwashinda. Waliuchukua, wakaufanya wao.

6/ Sasa shule. Enzi ya mkoloni, wazazi wengi wa pwani waliogopa mtoto akienda skuli atabadilishwa dini. Na kuimba shuleni kulikuwa nyimbo za kanisani na kwaya. Ndiyo maana neno "muziki" likitajwa shuleni, wapo wazee wanaosikia kwaya, hawasikii kasida wala vugo. Hofu hiyo ina historia. Usiicheke.

7/ Mwaka 1982 serikali iliunda tume ya muziki chini ya Washington Omondi, ikatoa ripoti 1984. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaanza, na muziki ukaingia kwenye mtihani wa darasa la nane pamoja na sanaa. Kwa miaka kadhaa, mtoto wa Faza na wa Nairobi walikutana na swali lilelile la muziki.

8/ Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani ulipunguzwa hadi karatasi tano. Muziki ukatoka. Na hapa kwetu mnajua: somo lisilotahiniwa ni kipindi cha hesabu kwa jina lingine. Si sheikh aliyeliondoa, si padri. Lilikufa kwa ratiba.

9/ CBC ilipoanza kujaribiwa 2017, muziki ulirudi, na wazazi wakatumwa kununua rekoda, ile filimbi ya plastiki. Baadaye masomo yakapunguzwa, muziki ukaunganishwa na sanaa nyingine na michezo katika somo moja. Swali la kujiuliza: mtoto anayeishi kwenye nzumari, kwa nini aanzie kwenye plastiki?

10/ Nani ana mamlaka? Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mtaala, mitihani, shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Walimu huajiriwa na TSC. Kaunti ina elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na shughuli za utamaduni. Kwa hiyo anayegombea kiti cha kaunti akikuahidi mwalimu wa muziki kila shule ya msingi, anakuahidi kitu kisicho mfukoni mwake.

11/ Na dini? Kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Vyote viwili vinasimama. Tena Lamu si mji mmoja tu: Mpeketoni kuna kwaya, msitu wa Boni kuna nyimbo za Waaweer. Sera ya haki haiwezi kuwa na sauti moja.

12/ Basi jukwaani usiulize "unataka muziki au hutaki?" Uliza: Muziki upi? Nani atafundisha, na mzee asiye na cheti lakini anayejua nzumari ataruhusiwa kuingia darasani? Nani analipa? Mzazi asiyetaka mwanawe ashiriki, mtoto atafanya nini kipindi hicho?

13/ Zein l'Abdin, bingwa wa udi, alizaliwa Lamu 1939 na akafariki 2016. Muziki wake uliota katika mji huu. Lakini njia ile ya mzee kwa kijana inahitaji kijana aliyepo, na siku hizi kijana yuko shuleni kutwa. Shule isipomfungulia mzee mlango, elimu yake itazikwa naye, na hakuna chama kitakachoifukua.

14/ Walio Siyu, Kizingitini, Kiunga, Hindi, Witu: shuleni kwenu muziki unafundishwa, au kipindi kimekuwa cha hesabu? Andikeni hapa chini. Bila matusi, tafadhalini.