Kulea Mtoto Mchanga Asiyekuwa wa Kuzaa: Hatua za Mwanzo kwa Mume na Mke

 

Mume na mke waliokaa miaka bila ya kujaaliwa mtoto huweza kufikia uamuzi wa kutafuta mtoto mchanga wakamlea. Nia hiyo ni njema na ina malipo makubwa. Tatizo ni kwamba wengi huuliza hukumu zake wakiwa wameshachelewa: mtoto ameshaandikishwa kwa jina la mlezi, au ameshapindukia miaka miwili na nafasi ya kumnyonyesha imekwisha. Makala hii inaeleza mambo ya kutanguliza kabla mtoto hajaletwa nyumbani.

Kafala inatakiwa, tabanni imekatazwa

Tabanni ni kumchukua mtoto wa mtu mwengine na kumfanya kuwa mwanao wa nasaba, kwa jina na kwa mirathi. Ilikuwa ni ada ya Waarabu kabla ya Uislamu. Zayd bin Haritha (Radhiya Allahu 'anhu) aliitwa Zayd bin Muhammad mpaka zilipoteremshwa Aya za Suratul Ahzaab (33: 4-5), ambazo zimeamrisha watoto waitwe kwa baba zao wa kweli. Wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini.

Kafala ni kumlea, kumlisha, kumsomesha na kumpenda mtoto huku nasaba yake ikibaki kama ilivyo. Neno lenyewe limo katika Qur-aan pale Allah Alipomfanya Nabii Zakariya kuwa mlezi wa Maryam (3: 37). Katika Hadithi iliyopokewa na Al-Bukhari, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ameeleza kuwa yeye na mlezi wa yatima watakuwa karibu Peponi, akaashiria kwa kidole cha shahada na cha kati. Na yeye mwenyewe alilelewa na babu yake Abdulmuttalib, kisha na ami yake Abu Talib, akapendwa na kuhifadhiwa, na akabaki kuwa Muhammad bin Abdillah. Kubaki na jina la baba hakukupunguza mapenzi ya mlezi.

Hatua ya kwanza: kufuata njia ya wazi

Visiwani kwetu ni kawaida dada kumpa mdogo wake mtoto amlee, na mambo yakaishia kwa maneno ya mdomo. Ni bora yakaandikwa. Mzazi huweza kufariki, au ndugu wakahitilafiana, na anayeumia ni mtoto.

Mtoto wa nje ya ukoo asipokelewe kwa siri kutoka kwa mtu yeyote. Njia yake ni Ofisi ya Ustawi wa Jamii, na sheha ajulishwe. Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2011, inaitambua kafala. Maafisa watakagua nyumba, kipato na mwenendo wa wanaoomba. Msione ni udhia, kwani wanachokilinda ni amana.

Ama mtoto mchanga aliyeokotwa, kumnusuru ni fardhi kifaya. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i aliyemuokota anawajibika kuweka mashahidi. Apelekwe hospitali, na Polisi pamoja na sheha waarifiwe. Kumuokota hakumfanyi mtu kuwa mzazi wake.

Hatua ya pili: jina na cheti cha kuzaliwa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mke hurejea na kichanga, na cheti kikatolewa kwa majina ya walezi kana kwamba yeye ndiye aliyejifungua. Hili ni uongo mbele ya sheria, na katika dini ni kubadilisha nasaba. Madhara yake huonekana baadaye: binti anapoolewa kwa uwalii wa mtu asiyekuwa walii wake, au kijana anapomposa dada yake wa damu bila ya kujua.

Mtoto ambaye baba yake anajulikana aandikwe kwa jina la baba yake. Asiyejulikana hupewa jina jema la jumla lisilomnasibisha na mlezi, kwa maelekezo ya Kadhi na ofisi ya usajili.

Hatua ya tatu: nani atamnyonyesha?

Mtoto wa kulea akibaleghe atakuwa ajnabi ndani ya nyumba aliyokulia: msichana kwa baba mlezi, na mvulana kwa mama mlezi. Itabidi hijabu na kuepuka faragha. Ufumbuzi ni ziwa, kwani kunyonya kunaharimisha kinachoharimishwa na nasaba. Sharti kwa Shafi'i, kwa Hadithi ya Bibi Aisha (Radhiya Allahu 'anha) iliyomo katika Sahih Muslim, ni kunyonya mara tano mbalimbali, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili ya mwezi mwandamo. Maziwa ya kukamuliwa yanakubalika, lakini yakamuliwe mara tano na mtoto anyweshwe mara tano. Kisa cha Salim aliyenyonyeshwa ukubwani, jamhuri ya wanavyuoni wanasema kilimhusu yeye tu.

Mnyonyeshaji achaguliwe kwa kuangalia jinsia ya mtoto:

- Msichana: anyonyeshwe na dada wa mume, ili mume awe mjomba wake wa ziwa, au na mama wa mume, ili mume awe kaka yake, au na mke wa kaka yake mume, ili mume awe ami yake. Akinyonyeshwa na dada wa mke, mume hatokuwa maharimu wake.
- Mvulana: anyonyeshwe na dada wa mke, ili mke awe khaloo yake, au na mama wa mke, ili mke awe dada yake. Dada wa mume hapa hasaidii kitu.
- Mke mwenyewe: akiwa na maziwa ya uzazi wa mumewe, wote wawili huwa wazazi wa ziwa. Maziwa yakija kwa dawa bila ya mimba, kwa Shafi'i mke huwa mama wa ziwa lakini mume hawi baba wa ziwa. Hata hivyo, msichana huyo huwa haramu kwake kama binti wa kambo. Madhehebu yamehitilafiana katika maziwa haya, basi aulizwe mwanachuoni kabla.

Mnyonyeshaji apimwe afya, kwani virusi vya UKIMWI hupita katika maziwa. Kisha liandikwe jina lake, tarehe na mashahidi, na karatasi iwekwe pamoja na cheti cha mtoto. Watoto wote wa mnyonyeshaji wameshakuwa ndugu zake. Katika visiwa ambavyo koo zinaoana, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayozuia ndoa batili miaka ishirini baadaye.

Mali na uwalii

Si malezi wala ziwa linaloleta mirathi. Mlezi anaweza kumpa mtoto hiba katika uhai wake, au kumuusia kisichozidi theluthi ya mali, madhali mtoto si miongoni mwa warithi wake. Mali aliyoachiwa yatima na wazazi wake ni amana, na onyo la kuila dhulma limo katika Suratun Nisaa (4: 10). Walii wa binti katika ndoa ni jamaa zake wa damu upande wa baba. Asiyekuwa nao, walii wake ni Kadhi.

Mwambieni ukweli mapema

Mtoto aelezwe asili yake tangu mdogo, kwa upole na kidogo kidogo. Asiyeambiwa na walezi wake ataambiwa na watoto wa mtaani, tena kwa kusimangwa. Akue akijua kuwa ana wazazi waliomzaa, na ana nyumba iliyomtaka.

Basi mume na mke wakae pamoja kwanza, kila mmoja aridhie kwa moyo wake. Wawashirikishe wale ndugu watakaoombwa kunyonyesha, na wamuone Kadhi na afisa wa Ustawi kabla ya kununua kitanda cha mtoto.

Tunamuomba Allah Awajaalie wenye nia hii tawfiki, na Awatie baraka katika malezi yao.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.