Picha kuwa aikoni: Rekebisha rangi kabla ya kupunguza ukubwa

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wanaotengeneza tovuti au programu za simu hupenda kutumia picha halisi kama aikoni, yaani kile kipicha kidogo kinachobonyezwa ili kufungua ukurasa au programu. Mara nyingi matokeo huwa ni doa jeusi lisilotambulika, ingawa picha yenyewe ilipendeza ilipokuwa kubwa.

Sababu yake ni hesabu. Picha ya mraba yenye pikseli 2,000 kila upande ina jumla ya pikseli milioni nne. Ikipunguzwa hadi 32 kwa 32, hubaki pikseli 1,024 tu, na kila moja hubeba wastani wa rangi za pikseli 3,900 hivi. Nywele, uso na ukuta wa nyuma, iwapo mwanga wake unakaribiana, huchanganyika na kuwa kitu kimoja.

Tatizo hili huwakumba zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Kamera hupima mwanga wa eneo zima, hivyo mtu akisimama mbele ya dirisha au ukuta mweupe, uso wake huingia gizani. Si jambo jipya: kwa miaka mingi katika karne ya 20, maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke mweupe.

Hatua za kufuata

Kazi hii hufanyika kwa programu kama Photoshop, iliyotoka mwaka 1990 na ambayo hulipiwa, au GIMP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1996 na ambayo hupatikana bure.

Kwanza, tengeneza nakala ya picha na uache ile ya asili bila kuigusa. Kata nakala hiyo iwe mraba, ukibakiza kitu kimoja tu: uso, kikombe au jengo.

Pili, fungua sehemu ya viwango vya mwanga. Utaona grafu yenye giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Sogeza alama ya katikati kidogo kuelekea kushoto. Uso utang'aa huku weusi kamili ukibaki mahali pake. Kuongeza mwangaza wa picha nzima kwa pamoja hakufai, kwa kuwa ngozi hugeuka kijivu.

Tatu, ongeza ukolevu wa rangi kwa kiasi, kisha badilisha mandhari ya nyuma iwe rangi moja iliyo mbali na ile ya kitu chenyewe.

Nne, ndipo upunguze ukubwa. Baada ya hapo inoe picha kidogo ili kingo zionekane, na uihifadhi kama faili la PNG. Aina hiyo huruhusu mandhari ya nyuma kuwa wazi, jambo ambalo JPEG haiwezi. Duka la Google Play hutaka aikoni ya pikseli 512 kwa 512, wakati alama ndogo ya tovuti kwenye kivinjari huweza kuwa 16 kwa 16.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kuitumia, ondoa rangi zote kwa muda. Iwapo aikoni bado inatambulika katika kijivu, imefaulu. Jaribio hili pia huwasaidia watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Susan Kare, aliyechora aikoni za kompyuta ya Macintosh iliyozinduliwa mwaka 1984, alikuwa na pikseli 32 kwa 32 za nyeusi na nyeupe tu, lakini watumiaji walizielewa. Rangi hupamba aikoni; umbo ndilo huitambulisha.